Paka anaposusa chakula laini: soma dalili kabla ya kubadilisha kopo

Nyumba yenye paka zaidi ya mmoja haikosi kabati la makopo yaliyokataliwa. Mmoja anakula samaki tu, wa pili analamba mchuzi na kuiacha nyama, wa tatu ananusa na kwenda zake, na mwenye paka anatoka tena kutafuta ladha ambayo wote wataikubali. Ushauri wangu ni kusimamisha ununuzi huo kwa siku chache. Jina la nyama lililoandikwa kwenye kopo ni sababu moja tu kati ya nyingi zinazomfanya paka ale au asuse, na mara nyingi ndiyo ya mwisho. Kabla yake kuna umbile la chakula, joto lake, harufu yake, chombo, paka mwingine aliyekaa karibu, na hali ya kinywa na tumbo la mlaji. Kila moja ina namna yake ya kujionyesha pale bakulini, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukaa na kumtazama paka anavyosusa.

Kwa chakula laini nakusudia kile cha kopo, cha trei au cha pakiti ndogo, chenye maji mengi, kilichotengenezwa kiwandani.

Kwanza ondoa ugonjwa

Paka hastahimili njaa ndefu. Mwili wake ukikosa chakula huanza kuyayeyusha mafuta yake na kuyapeleka kwenye ini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyatumia. Mafuta hujazana humo na ini hushindwa kazi. Paka mnene ndiye aliye hatarini zaidi, ingawa kwa macho anaonekana ana akiba ya kutosha. Kwa hiyo ule usemi wa "mwache, njaa ikimuuma atakula" haumfai paka hata kidogo. Paka mzima aliyekaa saa 24 bila kula chochote, mpigie simu daktari wa mifugo. Mtoto wa paka, paka mgonjwa au paka mzee asingojewe hata muda huo.

Kuna dalili nyingine ambazo hazitibiwi kwa kubadilisha kopo. Anayeangusha chakula kutoka mdomoni, anayetafuna kwa upande mmoja, anayedondosha mate au mwenye pumzi ya kunuka huenda ana tatizo la meno au ufizi, na haya ni ya kawaida sana kwa paka kuliko watu wanavyodhani. Anayekula sana huku akikonda huenda ana tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, au kisukari. Anayekunywa maji mengi na kukojoa sana apimwe figo na sukari. Dume anayeingia kwenye sanduku la mchanga mara kwa mara, anajikamua na mkojo hautoki, apelekwe saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku, kwa sababu njia ya mkojo iliyoziba inaua haraka.

Kanuni yangu ni hii: paka aliyechagua chakula tangu utotoni ni mchaguzi, lakini paka aliyekuwa mlafi miaka yote kisha ghafla akaanza kuchagua ni mgonjwa mpaka daktari aseme vinginevyo. Mpime uzito kila wiki mbili na uandike. Jipime wewe ukiwa umembeba, kisha jipime peke yako na utoe tofauti. Mizani ya watoto wachanga ni sahihi zaidi, maana kwa paka wa kilo nne upungufu wa gramu 200 ni jambo kubwa.

Anakuja mbio, ananusa, anaondoka

Hii ndiyo dalili inayowadanganya wengi, kwa kuwa ina sababu mbili zinazofanana sana kwa macho.

Ya kwanza ni ubaridi. Ulimi wa paka una vionjo takribani 470 tu, wakati binadamu ana maelfu. Kinachomwambia paka kwamba hiki ni chakula ni pua. Chakula kilichotoka kwenye jokofu hakitoi harufu ya kutosha, na kwa paka kitu cha nyama kisichonuka kina walakini. Chakula chenye joto la mwili wa mnyama aliyekamatwa sasa hivi, karibu nyuzi 37 hadi 38, ndicho kinachomvuta zaidi. Chukua kiporo cha kopo, kikorogee kijiko kimoja au viwili vya maji ya moto, au izamishe pakiti kwenye bakuli la maji moto kwa dakika chache. Ukitumia mikrowevu, hamishia chakula kwenye sahani, pasha kwa sekunde chache, koroga vizuri na ujaribu kwa kidole, kwa sababu mikrowevu huacha sehemu za moto ndani ya chakula kinachoonekana cha vuguvugu.

Sababu ya pili ni kichefuchefu. Paka huyu ana njaa ya kweli, ndiyo maana alikuja mbio, lakini harufu inapomfikia tumbo linachafuka. Mtazame mdomo. Atajilamba midomo bila kula, atameza mate, atageuza kichwa pembeni, pengine ataketi hatua mbili kutoka kwenye bakuli huku amelielekezea mgongo. Hali hii huonekana sana kwa paka wazee wenye figo zinazochoka.

Namna ya kuzitenganisha ni kukipasha chakula moto. Akila, lilikuwa tatizo la ubaridi. Akirudi nyuma zaidi harufu inapoongezeka, ni kichefuchefu, na hapo dawa ya kutuliza tumbo kutoka kwa daktari itafanya kazi ambayo ladha kumi mpya haziwezi. Wakati unasubiri miadi, mpe chakula cha joto la chumbani kisicho na harufu kali, kidogo kidogo, na usimfuate na bakuli nyumba nzima. Paka anayesukumiwa chakula akiwa na kichefuchefu hukihusisha chakula hicho na kuugua, na atakikataa hata akipona.

Mafua nayo huleta sura hiyo hiyo: pua imeziba, hakuna harufu, hakuna hamu. Mfute pua kwa pamba yenye maji ya vuguvugu na umpe kitu chenye shombo kali kilichopashwa.

Ukishayapita hayo angalia chombo na mahali. Bakuli la plastiki lililokwaruzika hushika harufu ya mafuta yaliyochacha, na sabuni yenye manukato huacha harufu ambayo wewe huisikii. Bakuli lililowekwa jirani na sanduku la mchanga au kando ya mashine ya kufulia halitapata mteja. Yanayosemwa kuhusu sharubu kuchoshwa na bakuli lenye kina hayana ushahidi wa nguvu, lakini sahani bapa haina hasara yoyote, na kwa paka wenye uso bapa inasaidia waziwazi.

Analamba mchuzi, anaacha vipande

Hapa shida ni umbile, na nadhani ndilo jambo linalotofautisha paka na paka kuliko jambo lolote jingine kwenye chakula laini. Kuna kilichosagwa laini na kushikamana, kinachoitwa pate. Kuna vipande ndani ya mchuzi, vipande ndani ya jeli, minofu iliyochambuliwa nyuzinyuzi, na kilichopigwa mpaka kikawa kama povu. Paka wengine wanataka kulamba, wengine wanataka kutafuna, na paka wa kutafuna hatakubali pate ya nyama anayoipenda kuliko zote.

Ni vizuri ujue vipande hivyo ni nini. Vile vyenye kingo zilizonyooka na ukubwa unaolingana mara nyingi havikukatwa kutoka kwenye mnofu. Ni mchanganyiko wa nyama na viungo vya ndani uliosagwa, ukachanganywa na protini ya ngano au kitu kingine cha kushikiza, ukapikwa kwa mvuke na kukatwa. Katika mfululizo mmoja wa bidhaa, "kwa kuku", "kwa bata" na "kwa sungura" huweza kuwa na msingi ule ule, huku nyama inayotajwa ikiwa sehemu ndogo. Kanuni za Ulaya zinaruhusu neno hilo "kwa" au "yenye" (kwa Kiingereza "with") kuanzia asilimia 4 ya nyama iliyotajwa, na za Marekani asilimia 3. Paka anayekataa ladha sita za mfululizo mmoja huenda amekataa chakula kimoja mara sita.

Ponda vipande kwa uma, changanya na mchuzi wake, ongeza maji ya vuguvugu kidogo. Akimaliza, umejua kwamba hataki vipande, basi mtafutie pate au povu la nyama ile ile. Akiendelea kulamba majimaji tu na kuacha hata kilichopondwa, rudi kwenye kinywa chake: huenda kutafuna kunamuuma. Usiridhike kwamba "angalau anakunywa mchuzi". Mchuzi wa pakiti ni maji na kitu cha kuufanya mzito kuliko kitu kingine, na paka anayeishi kwa huo atakonda.

Kinyume chake kipo pia. Kuna paka anayelamba pate na kuishia kuizungusha sahani nzima bila kuipata, kisha anakata tamaa. Ikandamize pate kwa uma iwe tambarare yenye matuta, ulimi upate pa kushika. Ni jambo dogo, lakini paka wengi wanaoitwa wagumu hufunguka kwa hilo tu.

Jana alikipenda, leo hataki

Amekinai, au amekichukia, au chakula chenyewe si kile cha jana. Anza na la mwisho kwa sababu ni rahisi kulihakiki. Kopo lililofunguliwa linatakiwa lifunikwe, liwekwe kwenye jokofu na kutumika ndani ya siku mbili tatu. Kilichobaki bakulini mahali pa joto kwa zaidi ya saa mbili hivi kitupwe, maana juu kimekauka na ndani kimeanza kuharibika. Kama kopo ni jipya, lilinganishe na la zamani ukilinganisha orodha ya viambato neno kwa neno, kwani viwanda hubadilisha mapishi bila kubadilisha picha iliyo mbele. Tabia ya kuhifadhi lebo moja ya kila chakula wanachokubali inalipa siku kama hiyo.

Kukinai ni tabia ya kweli ya paka. Aliyelishwa chakula kimoja kwa muda mrefu mara nyingi huvutwa na kigeni, ila akiwa mahali pa kumtia hofu, kama nyumba mpya au kituo cha matibabu, hugeuka na kushikilia anachokijua. Kwa hiyo usijaribu ladha mpya wiki ya kuhamia nyumba. Tiba ya kukinai ni mzunguko wa vyakula vitatu au vinne vinavyofahamika, vikipishana kila baada ya siku chache. Sikubaliani na wazo la kumpa kipya kila mlo. Humfundisha paka kungojea kingine, na siku akihitaji chakula cha dawa cha aina moja tu, utapata taabu kubwa.

Kukichukia ni tofauti na kukinai. Paka aliyetapika baada ya kula kitu, au aliyekutana na kidonge kichungu ndani ya mlo wake, hukikwepa kwa majuma au moja kwa moja. Kitoe kabisa kwenye zamu na usikirudishe upesi. Na dawa isichanganywe kamwe kwenye mlo wa kila siku. Itafutie kitafunwa chake cha pembeni.

Kuna pia kususa kwa kufundishwa. Paka anakataa, wewe unafungua kopo jingine papo hapo, na kesho anakataa mapema zaidi. Weka chakula kwa nusu saa, kiondoe kimya kimya, umletee mlo unaofuata kwa wakati wake. Hili ni la paka mzima mwenye afya tu, na ule mpaka wa saa 24 unabaki palepale.

Mmoja samaki, mwingine kuku: ladha zinazopingana

Tofauti za paka na paka zina mizizi. Ladha zilizopita kwenye maziwa ya mama na vyakula vya majuma ya kwanza hubaki kuwa kipimo cha paka huyo cha chakula halali. Aliyeonjeshwa vingi utotoni hukubali vingi ukubwani, na aliyejua kimoja hukaa na kimoja. Kilicho sawa kwa wote ni hiki: hakuna paka anayeonja utamu wa sukari. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba jeni moja kati ya mbili za kionjo cha utamu limeharibika katika ukoo mzima wa paka. Utafiti wa mwaka 2023 ukaonyesha kwamba kionjo chao cha ladha ya nyama, ile inayotokana na viini vya protini, kinafanya kazi, na kwamba baadhi ya viini wanavyovipenda viko kwa wingi kwenye tuna. Kwa hiyo unapolinganisha makopo, usijali rangi, mboga wala matunda yaliyochorwa kwenye lebo. Hayo yanamlenga mnunuzi.

Jaribio linalotoa jibu linahitaji utulivu kidogo. Mtenge kila paka peke yake. Weka sahani mbili zinazofanana, kiasi sawa, joto sawa. Badilisha jambo moja tu: kwanza nyama ile ile katika maumbile mawili, na siku nyingine umbile lile lile katika nyama mbili. Mlo unaofuata badilisha pande za sahani, kwa sababu paka wengi wana upande wanaouzoea na utadhani ni ladha. Rudia kwa siku kadhaa. Hesabu kilicholiwa mpaka mwisho, usihesabu kilichonuswa au kulambwa kwanza. Mlambo wa kwanza unaonyesha udadisi, na sahani tupu ndiyo inayoonyesha upendeleo.

Tuseme jaribio limekwambia hivi: paka wa kwanza anakula samaki wa umbile lolote, wa pili anakula pate ya nyama yoyote isipokuwa samaki, wa tatu anakubali kuku peke yake lakini katika pate au povu. Ukisikiliza ladha tu, utanunua vyakula vitatu. Ukisikiliza umbile, utaona pate ya kuku inawapata wa pili na wa tatu papo hapo, na wa kwanza anaweza kuvutwa kwa kijiko kimoja cha samaki juu yake. Hiyo ndiyo njia ninayoiamini zaidi kwa nyumba ya paka wengi: msingi mmoja, wenye lishe kamili, katika umbile wanaloafikiana, na juu yake kila mmoja apate kidogo cha harufu anayoipenda. Tafuta kwanza umbile la pamoja. Nyama ya pamoja itafuata au haitakuwa na haja.

Wakikosa umbile la pamoja, usilazimishe. Vyakula viwili kamili vya maumbile mawili si kushindwa, na ni bora kuliko kimoja ambacho paka mmoja anakila kwa shida kila siku.

Mmoja anamaliza upesi, mwenzake hagusi

Paka huwinda peke yake na kula peke yake. Kupanga bakuli safu moja ukutani kunapendeza kwa macho yetu, lakini paka mnyonge huona adui pembeni. Wala hakuna haja ya ugomvi wa kelele. Mbabe anatazama tu, akikaa mlangoni, na mwenzake anaamua kwamba hana njaa. Paka wa namna hii huandikiwa kwamba "hapendi chakula hiki" kwa miaka.

Mfungie chumba chake, mlango umefungwa, na chakula kile kile alichokisusa. Akikimaliza, umepata jibu. Kuanzia hapo wale mahali wasipoonana: vyumba tofauti, au mmoja juu ya meza na mwingine chini nyuma ya kabati. Kama mmoja yuko kwenye chakula cha daktari, vipo vyombo vya kulia vinavyofunguka kwa chipu (kifaa kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi) ya paka mhusika peke yake, na kwa nyumba ya namna hiyo vinaondoa mashaka mengi.

Anataka kikavu tu

Amezoea mlio na ugumu wa tembe. Chakula kikavu kina maji karibu asilimia 10 na kile laini asilimia 75 hadi 85, kwa hiyo kumhamisha kunamnufaisha, hasa mwenye historia ya matatizo ya mkojo. Lakini ni kazi ya majuma, pengine miezi. Acha kumwekea kikavu mchana kutwa. Kipe saa zake. Weka kijiko kidogo cha laini pembeni ya kikavu, visichanganyike, mpaka azoee harufu. Kisha saga tembe ziwe unga na unyunyize juu ya laini, ukipunguza unga polepole. Akikataa kabisa, kikavu kilicho kamili na maji safi mahali kadhaa nyumbani vinamtosha.

Anakula vizuri, tumbo linakataa

Akitapika dakika chache baada ya kula, na chakula kikatoka kama kilivyoingia, huenda amekula upesi mno. Kipakaze chakula kwenye sahani pana, au kigawe mara nne. Akiharisha baada ya kubadilishiwa, umekwenda haraka: siku saba hadi kumi za kuchanganya cha zamani na kipya ndizo za kawaida. Ikiendelea hata baada ya kurudi taratibu, linganisha mafuta na viambato vya kufanya jeli iwe nzito vya kopo lile na la zamani, kama gundi ya guari (unga wa mbegu za guari, "guar gum" kwenye lebo), ambayo kwa wingi hulegeza choo. Kinyesi chenye damu, au kutapika kwa kurudiarudia, ni safari ya daktari.

Kujikuna kichwa na shingo pamoja na tumbo baya kunaweza kuwa mzio wa protini fulani. Wanaotajwa sana ni ng'ombe, samaki na kuku. Hapo mzunguko wa ladha ninaousifu hauna nafasi: kinachohitajika ni chakula kimoja cha majaribio kwa takribani wiki nane, chini ya usimamizi wa daktari, bila hata tonge la pembeni.

Anakwaruza sakafu kuzunguka bakuli

Anafukia akiba. Kama alikula kwanza, ameshiba tu, punguza kipimo.

Hataki kitu ila tuna

Tuna wa kopo la watu si mlo wa paka. Mafuta mengi ya samaki bila vitamini E ya kutosha humaliza akiba ya vitamini hiyo, na mafuta ya chini ya ngozi huvimba na kuuma mpaka paka hataki kushikwa. Tena samaki huyo hana kalsiamu ya kutosha, na tuna ni samaki mkubwa anayekusanya zebaki. Mvute kwa kupunguza: anza na chakula kamili chenye ladha ya tuna, kichanganye na kijiko cha msingi unaoutaka, na uongeze msingi kila siku chache, hatua ndogo kuliko unavyodhani inahitajika. Usitie supu ya jikoni kama kichocheo. Kitunguu maji na kitunguu saumu, vibichi, vya kupikwa au vya unga, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka.

Lebo, baada ya kujua wanachokubali

Kwanza tafuta kama ni lishe kamili au nyongeza. Lebo za Kiingereza huandika "complete" kwa kamili na "complementary" kwa nyongeza, na neno hili la pili huwa dogo sana nyuma ya pakiti nzuri ya minofu mitupu. Nyongeza inafaa kuwa kile kijiko cha juu, isiwe mlo. Sababu si nadharia. Mwaka 1987 iligunduliwa kwamba ugonjwa wa moyo uliotanuka, uliokuwa ukiua paka wengi waliokula vyakula vya kiwandani, ulitokana na upungufu wa taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama, na kwamba wakipewa taurini moyo huweza kurudi. Viwango vya Marekani tangu hapo vinadai taurini nyingi zaidi kwenye kopo, asilimia 0.2 ya kitu kikavu (yaani chakula kikitolewa maji yake), kuliko kwenye chakula kikavu, asilimia 0.1. Paka haitengenezi ya kumtosha.

Pili, usilinganishe asilimia za lebo moja kwa moja, kwa sababu maji yanazificha. Toa maji kwenye 100, kisha gawa protini kwa kilichobaki. Kopo lenye protini asilimia 10 na maji asilimia 82 lina kitu kikavu asilimia 18, na 10 kwa 18 ni karibu asilimia 56. Kikavu chenye protini asilimia 34 na maji asilimia 10 kinatoa karibu asilimia 38. Lile lililoonekana maskini ndilo tajiri. Kwa paka mzee fanya hesabu hiyo hiyo kwa fosforasi, madini yanayozielemea figo zinazochoka, na umwonyeshe daktari.

Tatu, kalori. Paka mzima wa kilo nne anayekaa ndani huhitaji takribani kilokalori 200 hadi 250 kwa siku, na chakula laini kingi kina 70 hadi 120 kwa gramu 100. Pakiti moja ya gramu 85 asubuhi na moja jioni huenda isimtoshe, na paka anayelia bakulini saa mbili baadaye si lazima awe anadai ladha nyingine. Cha mchuzi huwa na kalori chache kuliko pate, kwa hiyo ukibadilisha umbile, badilisha na kipimo.

Unaponunua kipya, nunua kimoja kimoja. Chukua umbile mbili za chapa moja kuliko nyama sita za umbile moja, andika kwenye daftari nani alikimaliza na nani alikiacha, na ungoje wiki mbili za sahani tupu kabla ya kuchukua katoni. Hata katoni isizidi ya mwezi mmoja.